Sekunde Zilizofutwa

Vumbi la machimbo halikuchagua nyumba. Lilitua juu ya paa za mabati, juu ya nguo zilizoanikwa, hata juu ya madaftari ya shule, na kila asubuhi kazi ya kwanza ya Chiriku ilikuwa kupangusa meza kwa kitambaa kibichi kabla mama yake hajaweka chai. Kisha alifagia ua, akavaa sare, akaenda shule. Masomo yalipokwisha alipitia nyumbani kuchukua bakuli la chakula cha baba yake na kulipeleka machimboni.

Jina lake halisi lilijulikana kwa walimu tu. Watu wengine wote walimwita Chiriku, kwa sababu alianza kuongea akiwa mlangoni na hakunyamaza mpaka arudi kulala. Aliwasalimu walinzi wa getini, akawauliza madereva wa malori habari za safari, kisha akashuka hadi shimo la chini kuwachekesha wanawake waliokuwa wakiponda kokoto.

"Huyu mtoto hata akilala, mdomo wake unakesha," Mama Pacha alipenda kusema, nyundo mkononi, uso mweupe kwa vumbi.

Mama Pacha alikuwa mjane. Watoto wake wawili, pacha wa kiume, walisoma darasa moja na Chiriku na kukaa dawati la nyuma yake. Alikuwa na kicheko kikubwa kilichosikika hadi barabarani, na mikono iliyokomaa kama gome la mti.

Baba yake Chiriku alikuwa fundi wa baruti. Alitoboa mwamba, akajaza baruti matunduni, kisha akaingia kwenye kibanda cha zege upande wa juu, akatoa onyo, akahesabu, akabonyeza swichi. Kutoka kibandani hakuweza kuliona shimo la chini, maana ukingo wa mwamba ulikuwa katikati. Watu wa chini walitegemea masikio yao. Walisikia onyo, wakaacha nyundo, wakaenda kujikinga nyuma ya ukuta mnene uliojengwa kwa kazi hiyo.

Kwa miaka mingi onyo lilikuwa king'ora. Kilipoliwa na kutu na kunyamaza kabisa, meneja hakutaka kununua kingine. "King'ora kinalia tu," alisema. "Hakimwambii mtu ni shimo gani linalipuliwa. Mimi nataka maneno."

Mtu wa maneno alikuwapo, tena nyumbani kwa fundi wa baruti mwenyewe. Dada yake mdogo, ambaye Chiriku alimwita Shangazi, alikuwa amesomea kompyuta. Aliishi chumba cha uani, na meza yake ilijaa nyaya hadi paka wa nyumbani alikosa pa kulala. Shangazi alitengeneza programu ya kupeleka sauti. Baba angesema kwenye maiki kibandani, sauti yake ingekatwa vipande vidogovidogo, ingepita kwenye mtandao hadi kwenye kompyuta kubwa iliyoko mji wa mbali, kisha ingerudi na kutoka kwenye spika zilizofungwa juu ya nguzo mashimoni.

"Yaani sauti ya Baba isafiri mbali kote huko, halafu irudi hapo chini tu?" Chiriku aliuliza.

"Inakwenda na kurudi kabla hujafumba jicho."

"Jicho langu au la kobe?"

Shangazi alicheka. "Hilo hasa ndilo tunalotaka kulijua. Lazima tupime sauti inachelewa kiasi gani. Utanisaidia?"

Chiriku hakuhitaji kuombwa mara ya pili.

Namna yenyewe ya kupima haikuwa ngumu. Shangazi aliazima redio mbili za mkononi kwa walinzi. Redio hizo hazikupita kwenye mtandao, kwa hiyo sauti ilifika papo hapo. Shangazi alikaa kibandani, maiki na redio mbele yake, akabonyeza kidude kilichotoa mlio mfupi: tik. Chiriku alisimama shimo la chini, chini ya spika, redio mkono mmoja na simu ya kurekodi mkono mwingine. Kwanza alisikia tik ya redioni. Baada ya kitambo alisikia tik ileile ikitoka kwenye spika. Jioni waliihamishia ile rekodi kwenye kompyuta, na sauti ikaonekana kama mstari mrefu wenye miiba miwili. Umbali kutoka mwiba hadi mwiba ndio uliokuwa muda wa kuchelewa.

Chiriku aliipenda kazi hiyo kupita michezo yote. Walipima asubuhi, wakapima jioni. Mara nyingi miiba ilikaa karibu karibu: sekunde moja, moja na nusu, mara chache mbili. Shangazi alimwachia kipanya cha kompyuta, akamfundisha kuvuta mstari kutoka mwiba hadi mwiba, na Chiriku akajiona fundi kamili.

Alasiri moja yenye joto kali, wakati wanafunzi wametoka shule na kila mwenye simu yuko mtandaoni, walipima tena. Tik ya redioni ilifika. Chiriku akasubiri. Spika ilikuwa kimya. Alidhani imekufa.

"Vipi, leo babu amelala huko juu?" Mama Pacha aliuliza akionyesha spika kwa nyundo.

"Labda anavaa viatu," Chiriku alijibu, na wote wawili wakacheka. Walipomaliza kucheka ndipo spika ikasema tik.

Jioni ile Shangazi ilibidi aipunguze picha kwenye kioo ili miiba yote miwili ionekane. Sekunde tisa. Aliuvuta mstari yeye mwenyewe mara ya pili, kisha akaegemea kiti, akakunja uso.

"Mtandao uliyumba tu," alisema.

"Na ukiyumba tena?"

"Hautayumba kila siku. Hii ni ya bahati mbaya, Chiriku. Nikiiweka, itaharibu wastani wote. Meneja atasema programu haifai, na wiki ijayo ndiyo anataka kuanza. Nimeihangaikia kazi hii mwaka mzima."

"Lakini, Shangazi, mimi niliisikia."

"Unauliza maswali kama polisi." Shangazi alijaribu kutabasamu. "Ifute. Na Baba usimsumbue nayo, ana mambo mengi."

Kipanya kilikuwa mkononi mwa Chiriku. Alibonyeza. Miiba ikatoweka, mstari ukabaki mtupu.

Usiku huo walikula pamoja. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na katika kazi hakuwa na mzaha hata chembe.

"Sasa niambie, dada," alisema. "Hiyo sauti yako inachelewa kiasi gani?"

"Kwa wastani, sekunde moja na nusu."

"Wastani nimesikia. Ikichelewa sana?"

Shangazi alitafuna chakula chake kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Mbili," alisema. "Haizidi mbili, kaka."

"Basi nikifika sifuri nitasubiri tatu nyingine ndipo nibonyeze. Nisije nikabahatisha na roho za watu."

Chiriku aliinamia sahani yake. Mama yake akamtupia jicho. "Leo kulikoni? Umemeza ulimi?"

"Nimechoka, Mama."

Kazi ikaanza, na mwanzoni kila mtu alifurahi. Sauti ya Baba ilitoka juu ya nguzo, nzito na tulivu: "Shimo la chini, acheni kazi, nendeni ukutani. Nahesabu kuanzia thelathini." Wanawake walimtania kwamba anasema kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Walizoea hesabu hiyo upesi sana. Walijua kwamba hadi kumi bado kuna nafasi ya kukusanya vitu na kutembea bila kukimbizana. Siku zilivyozidi kupita salama, Chiriku naye akaanza kuisahau ile miiba miwili.

Alasiri ya msiba alikuwa njiani anashuka na bakuli la chakula. Onyo lilikwisha kutolewa, na mlinzi alimzuia kwenye kizuizi cha juu ya shimo. Kutoka hapo aliwaona wanawake wakielekea ukutani. Mama Pacha alikuwa wa mwisho. Alikuwa amemshika mkono mwenzake mzee asiyeona vizuri, akimwongoza kati ya malundo ya kokoto, pole pole, kwa sababu muda ulikuwapo.

"Kumi na nne," spika ilisema. "Kumi na tatu. Kumi na mbili."

Mwamba ukalipuka.

Ilikuwa kufumba na kufumbua. Ardhi ilitikisika, mawe yakapaa na kurudi chini kama mvua, nguzo ya spika ikakatika katikati. Vumbi lilipotulia kidogo, yule mzee alikuwa amekaa chini bila jeraha, akipapasa hewa. Mama Pacha alikuwa amelala kifudifudi, na jiwe kubwa lilikuwa juu ya mguu wake. Wanaume walikuja mbio na nondo wakalibinua. Hakupiga kelele. Alikuwa akiuliza, tena na tena, kwa sauti ya kawaida kabisa, nani atawafungulia watoto wake mlango.

Walimbeba juu ya ubao hadi kwenye lori. Chiriku alikuwa bado amesimama kwenye kizuizi, bakuli mikononi. Alijua. Hakuna aliyehitaji kumweleza.

Hospitalini walimkata Mama Pacha mguu chini ya goti.

Machimboni hapakuwa na mabishano juu ya nani wa kulaumiwa. "Tulisikia kwa masikio yetu," wafanyakazi walimwambia meneja. "Alikuwa kwenye kumi na mbili. Hakumaliza kuhesabu." Meneja alisoma ripoti ya vipimo aliyoiandika Shangazi, akaona imeandikwa haizidi sekunde mbili, akaufunga mjadala. Alimnyang'anya Baba ufunguo wa ghala la baruti na kumsimamisha kazi. Polisi walimwita wakaandika maelezo yake, wakamwambia asitoke mjini mpaka mkaguzi wa machimbo afike.

Nyumba ilipoa kama maji ya mtungini. Mama alipokwenda bombani, wanawake walimpisha achote bila kupanga foleni, na hakuna aliyemsemesha neno. Shangazi alijifungia chumbani kwake. Baba alikaa mezani kutwa, macho ameyafumba, na midomo yake ilikuwa ikitembea. Chiriku alipita karibu akasikia anachosema.

"Ishirini na moja. Ishirini. Kumi na tisa." Alihesabu hadi sifuri, akanyamaza, akaanza upya. Mara moja alifumbua macho na kumwona mtoto wake. "Labda niliruka," alisema. "Mtu anaweza kuruka namba na asijue, eti?"

Chiriku alichukua ufagio, akatoka kufagia ua uliokwisha kufagiwa. Moyo ulimsuta.

Shuleni hali haikuwa nafuu. Wale pacha walirudi darasani baada ya siku chache, mashati hayajapigwa pasi, na wakakaa mahali pao nyuma yake. Wakati wa mapumziko mmoja wao alimgusa begani.

"Baba yako anajua kuhesabu?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Chiriku, ambaye hajawahi kukosa jibu, alitoka nje na kusimama nyuma ya choo mpaka kengele ikalia.

Alasiri hiyo aliingia chumbani kwa Shangazi bila kubisha hodi. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Shangazi alikuwa amekaa mbele yake vilevile, kama mtu anayesubiri iseme yenyewe.

"Shangazi, ni ile tuliyofuta."

"Najua."

"Basi tumwambie Baba."

"Kesho."

"Atasubiri mpaka kesho akidhani ni yeye?"

Shangazi aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, chini yamevimba. "Nikisema, Chiriku, maana yake mimi ndiye niliyemkata yule mama mguu. Unaelewa uzito wake? Hakuna mtu atakayenipa kazi tena. Hakuna atakayenitazama."

"Na mimi pia," Chiriku alisema. "Mimi ndiye niliyebonyeza."

"Wewe ni mtoto. Mimi ndiye niliyekuambia ubonyeze."

"Baba anahesabu peke yake pale mezani. Anasema labda aliruka namba."

Shangazi alifunika uso kwa viganja vyake. Chiriku alipiga moyo konde, akatoka, akavuka ua, akaenda kusimama mbele ya baba yake.

Alisimulia yote. Alisimulia habari za redio na spika, za kucheka na Mama Pacha wakati spika ikiwa kimya, za miiba iliyokuwa mbali, na za kidole chake kwenye kipanya. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake maneno yalimtoka kwa shida, moja moja, kama anayang'oa. Baba alisikiliza bila kumkatiza. Mama, aliyekuwa akiosha vyombo, aliacha maji yakimtiririka mikononi.

"Anasema kweli, kaka," sauti ilisema mlangoni. Shangazi alikuwa amesimama pale, peku.

Baba alimgeukia dada yake. "Nilikuuliza," alisema. "Hapa hapa. Nilikuuliza ikichelewa sana."

"Uliniuliza."

"Nimekaa hapa nikidhani akili yangu imeharibika. Nilikuwa nafikiri kwamba hata mtoto wangu nisimvushe barabara."

Machozi yalimtoka Shangazi, lakini Baba hakumbembeleza na wala hakumgombeza. Aliinuka, akavuta viatu vyake chini ya kiti.

"Vaeni viatu," alisema. "Twende kwa meneja. Na wewe Chiriku uje, ulikuwapo."

"Huyu ni mtoto," Mama alisema.

"Ndiyo maana anakwenda na baba yake."

Meneja aliwapokea akiwa wima. Alipowasikiliza hadi mwisho alitikisa kichwa. "Mnataka kumwokoa ndugu yenu. Leo mnasema sekunde tisa. Ripoti yenyewe, yenye saini ya huyu, inasema mbili. Niamini ipi?"

Mkaguzi wa machimbo, mwanamke mrefu mwenye kofia ngumu ya kazi, alikuwa amefika siku hiyo hiyo, na alikuwa amekaa pembeni akisikiliza. "Usiamini yoyote," alisema. "Ipimwe tena, saa zilezile za alasiri, na wafanyakazi wawepo."

Kesho yake nguzo mpya ilisimamishwa shimo la chini na spika nyingine ikafungwa. Wafanyakazi walikusanyika chini yake, wanawake wa kokoto mbele, wanaume nyuma, mikono vifuani. Hapakuwa na baruti mwambani, waya tu. Mkaguzi alimpa Chiriku redio ya walinzi aishike juu ili wote wasikie. Kule kibandani, Baba alikaa na maiki upande mmoja na redio upande wa pili, ili neno lake moja liingie kote kuwili kwa wakati mmoja.

"Nahesabu kuanzia thelathini," redio ilisema.

Spika ilikuwa kimya. Redio ilihesabu, sauti ya Baba ikikwaruza kidogo, na watu wakaanza kutazamana. Redio ilikuwa imeshuka hadi kumi na tisa ndipo spika ikasema, kwa sauti ileile, kwa utulivu uleule, "Nahesabu kuanzia thelathini." Mwanamke mmoja akashika kichwa. Kuanzia hapo sauti mbili za mtu mmoja zilikwenda pamoja, moja mbele, nyingine nyuma, na Chiriku akaishika redio kwa mikono miwili.

"Tatu. Mbili. Moja. Sifuri," redio ilisema.

"Kumi na mbili," spika ilisema.

Spika iliendelea kuhesabu hadi mwisho, namba moja baada ya nyingine, na watu waliisikiliza vichwa vimeinama, kama watu walio makaburini. Mmoja wa wanaume waliopaza sauti zaidi siku ya kumlaumu Baba alivua kofia yake. Yule mzee asiyeona vizuri alikaa kando ya lundo la kokoto akalia.

Mkaguzi alimtaka Shangazi awaeleze watu kwa lugha wanayoielewa. Shangazi alisimama mbele yao. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakujificha nyuma ya maneno magumu.

"Ni kama foleni ya bombani," alisema. "Mtandao ukikwama, maneno yanapanga foleni. Ukifunguka, programu yangu inayatoa moja moja kwa zamu, hairuki hata moja. Kwa hiyo kila mtandao ukikwama, foleni inarefuka, na sauti inazidi kubaki nyuma. Asubuhi mtandao ni mwepesi, huwezi kuona. Alasiri ndiyo inaonekana. Tuliona. Kipimo kimoja kilituonyesha, nikamwambia mtoto akifute, kisha nikamdanganya kaka yangu. Fundi wenu alihesabu hadi mwisho na akasubiri. Kosa ni langu."

Alisubiri watu wamzomee. Hawakumzomea, na pengine hilo lilikuwa zito zaidi. Walimpisha tu njia.

Mkaguzi alipiga marufuku spika za mtandao kutumika kwa onyo la baruti. Meneja naye alipewa karipio kali kwa kupokea ripoti na kuanza kazi bila kuijaribu shimoni. King'ora kipya kilifungwa, kikaunganishwa kwa waya moja kwa moja kutoka kibandani, na kila shimo likapewa mtu mwenye redio. Baba alirudishwa kazini na kupewa ufunguo wake. Tangu siku hiyo hakugusa swichi mpaka sauti ya kila shimo imwambie kwa redio, "Huku hakuna mtu." Wafanyakazi walimwomba radhi, naye akaipokea, lakini mkono wake haukurudi kuwa mwepesi kama zamani. Shangazi alipoteza kazi ile pamoja na nyingine mbili zilizokuwa njiani. Alianza kupita nyumbani kwa Mama Pacha kila jioni, kupika na kufua sare za wale pacha. Siku za kwanza hawakumfungulia mlango, akaviacha vyombo vya chakula kizingitini.

Mama Pacha aliporudishwa nyumbani, Shangazi na Chiriku walikwenda kumwona. Alikuwa ameketi kitandani, amekonda, shuka imelala bapa pale ambapo mguu ulipaswa kuwa. Kile kicheko hakikuwapo. Walimwomba msamaha, kila mmoja kwa maneno yake. Aliwasikiliza, kisha akamgeukia Chiriku.

"Watu wanasema kulikuwa na wastani. Hebu nieleze, wastani ni kitu gani?"

"Unajumlisha vipimo vyote," Chiriku alisema, "halafu unagawanya kwa idadi yake."

"Na kile kibaya mlikifuta."

"Ndiyo, Mama."

"Kama msingekifuta?"

Shangazi ndiye aliyejibu. "Kingegawanywa pamoja na vingine. Kingeonekana kidogo."

Mama Pacha alitikisa kichwa taratibu, akilipima jibu hilo. "Mimi sikugawiwa," alisema. "Mimi niliipata yote, nzima nzima, siku moja." Alivuta shuka hadi kifuani. "Nitawaambia kitu, kisha mwende, maana bado sina moyo wa kukaa nanyi muda mrefu. Mtu akipima kitu ambacho wengine watakitegemea kwa maisha yao, kile kipimo kinachomtia hofu asikifute. Hicho ndicho cha kukitaja kwanza, kwa sauti kubwa, hata kama kazi itaharibika, hata kama mkubwa wake anamwambia anyamaze. Unanisikia, Chiriku? Hata kama ni shangazi yako. Wewe una mdomo. Siku ile ungeutumia."

"Nakusikia, Mama."

"Haya. Wanangu wako nje. Mmoja wao alikuuliza swali shuleni, hukumjibu. Nenda ukamjibu."

Chiriku alitoka. Wale pacha walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya mlango, mabega yamegusana. Alikaa ngazi ya chini yao, akatazama vidole vyake, akaanza tangu mwanzo.